Mansuri na Mkaa Uliotaka Kuwa Dawa

Mansuri alikuwa Mluguru wa Kinole, na mimi Mwinjuma ni Mzigua, kwa hiyo lolote nitakalolisema juu yake nina ruhusa ya mababu. Waluguru na Wazigua ni watani. Angekuwa ananisikia sasa hivi angesema Mzigua hajui kuandika, kaiba daftari la mtu. Kabla ya kisa hiki tulikaa jirani pale Mwembesongo miaka kumi na minne, duka langu la dawa upande huu wa njia na genge lake la mkaa upande ule, na katika miaka yote hiyo hatukuambiana neno hata moja la maana.

Alinizidi miaka kumi na mitatu. Mtu mwingine wa umri wake ningemwamkia shikamoo kwa adabu zote alizonifundisha mama yangu. Yeye nilikuwa nikifungua duka namuuliza kama jana alifungwa kamba vizuri, maana Waluguru wanalala mteremkoni na asiyefungwa kamba huamkia bondeni. Naye ananiuliza babu yangu aliuzwa kwa pishi ngapi za mtama mwaka ule wa njaa. Basi, tumeshasalimiana. Wateja wageni walidhani tunagombana, na mama mmoja wa Kichaga aliwahi kuacha kikapu chake katikati ya njia aje kutuamua. Tulimwomba radhi sote wawili, tukaendelea.

Zamani Mansuri alikuwa mtu wa boila katika kiwanda kimoja cha Kihonda. Kazi yake ilikuwa kuulisha moto, na aliipenda kama watu wengine wanavyopenda kufuga ng'ombe. Kisha ukaja ule wakati wa soko huria, viwanda vikauzwa, mwenye kununua akang'oa mashine akaondoka nazo, na Mansuri akarudishwa nyumbani na barua ya shukrani na saa ya ukutani. Saa yenyewe ilikuwa mbovu. Aliitundika gengeni hivyo hivyo, inasema saa nne na robo mwaka mzima, na ukimuuliza saa ngapi anaitazama kwanza halafu anakujibu kwa kuangalia jua. Moto ndio ulikuwa ujuzi wake, basi akaingia kwenye mkaa.

Na mkaa aliujua, sitamnyima haki yake. Alikuwa akiokota kipande, anakigonga kwa ukucha, anakwambia ni mti gani na tanuri lilifunikwa vizuri au lilivuja. Mkaa wa mkambala aliuweka peke yake kwenye gunia la nyuma, hauzi kwa kila mtu. Alisema mkambala ukiugonga unalia kama chupa. Mimi nilimwambia hata kichwa chake kinalia kama chupa, maana alikuwa na kipara kisicho na unywele hata mmoja wa kusingizia.

Dada yake aliitwa Mwanaheri. Alikuwa mjane, mpole, mwenye kucheka kwa kuziba mdomo, na alikuwa akikaa vyumba vya nyuma kwa kaka yake. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na kaka mkubwa ndiye mwenye sauti juu ya dada zake na watoto wao. Mwanaheri alipougua saratani ya titi, ni Mansuri aliyempeleka Dar es Salaam, ni yeye aliyekaa benchi la hospitali siku anapasuliwa, na ni yeye aliyerudi naye akiwa amembebea mkoba wake wa kike begani bila kuona haya. Walimpa kidonge kidogo cheupe cha kumeza kila siku, kimoja tu, kwa miaka mitano, ili ugonjwa usirudi. Kikiisha anakuja kuchukua kwangu kwa cheti cha daktari. Mansuri alikiogopa kidonge kile kwa udogo wake. Hakuona vipi kitu kisichozidi punje ya choroko kitapigana na ugonjwa uliokwisha mla dada yake titi zima.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana mimi ndiye niliyelianzisha.

Siku hiyo biashara ilikuwa imelala. Nilikuwa nasoma gazeti, nikakuta ukurasa wa sayansi. Uliandika kwamba wataalamu wa ng'ambo wanazichukua dawa za saratani zilizopo tangu zamani na kuzishikiza kwenye vipande vidogo mno vya kaboni, vingine ni vimirija ambavyo ukivipanga elfu hamsini ubavu kwa ubavu ndipo vinafikia unene wa unywele mmoja. Dawa ya kawaida huzunguka mwili mzima ikipiga kila inachokikuta, ndiyo maana wagonjwa wengine wananyonyoka nywele na kutapika. Wataalamu wanataka kaboni iibebe dawa hadi kwenye uvimbe, iishushe pale pale. Nilivuka njia nikamsomea Mansuri, kwa sababu ya dada yake. Alisikiliza mdomo wazi. Kisha akauliza kaboni ni kitu gani.

Ningeweza kumjibu kama mtu mzima. Lakini ulimi wa mtani hauna breki.

"Kaboni ni mkaa, wewe," nikamwambia. "Umekalia dawa miaka yote unapikia watu maharage."

Nilicheka, nikarudi dukani. Yeye hakucheka, na mimi mjinga sikuligundua hilo. Baadaye nilikuja kujua kwamba mchana ule ule alifunga genge akaenda kwa Mwalimu Alois wa shule ya msingi, akamuuliza kwa upole kama ni kweli mkaa ni kaboni. Mwalimu Alois, ambaye hajui kujibu zaidi ya alichoulizwa, akasema ni kweli kabisa, mkaa karibu wote ni kaboni. Basi kwa Mansuri jambo likawa limekwisha: gazeti limesema, mwalimu kathibitisha.

Siku mbili baadaye alikuja dukani akaniomba unywele. Nilimuuliza wa nini. Akasema hayanihusu, yeye hana wake, na mimi ninazo nyingi kuliko akili. Nilidhani ni utani mpya ambao sijaupata mwisho wake, nikang'oa mmoja nikampa. Akaukunja kwenye karatasi akaondoka nao kama mtu aliyepokea cheti cha hospitali. Huo unywele, ndugu msomaji, ulikuwa kipimo. Alikuwa anatwanga mkaa wa mkambala kwenye kinu, anauchekecha kwa kanga ya mkewe, kisha kwa soksi, kisha kwa kitambaa cha kilemba, halafu anakaa juani na unywele wangu kwenye kiganja kimoja na unga mweusi kwenye kingine, anakodoa macho kuangalia kama amefikia elfu hamsini. Mkewe aliniambia alipiga chafya nyeusi wiki nzima.

Alipoona umetosha alichanganya na asali ya Kinole. Kila asubuhi akakisaga kile kidonge cheupe ndani ya kijiko cha mchanganyiko ule, akampa dada yake, na dada akameza.

Nilijua siku ya kumi na moja. Mwanaheri alikuja dukani, akangoja wateja waishe, akaniambia kwa aibu kwamba choo chake kimekuwa cheusi kama lami, na anaogopa ugonjwa umeshuka tumboni. Nilimuuliza amekula nini. Akaniambia habari ya kijiko. Aliisimulia kwa majivuno kidogo, kwamba kaka yake amegundua namna mpya ya Ulaya ya kukiongezea nguvu kidonge, na kwamba anatumia mkambala mtupu.

Mtu yeyote aliyesimama nyuma ya meza ya dawa anajua mkaa hufanya nini tumboni. Hospitali wana mkaa wao maalumu, aliyekunywa sumu hupewa ili uikamate sumu isiingie mwilini. Mkaa hauulizi hii ni sumu au ni dawa. Wa jikoni hauna nguvu kama ule, lakini tabia ni ile ile, na huyu mtu alikuwa ameutwanga na kuuchekecha mpaka ukawa vumbi. Nilimpigia simu Editha, mfamasia wa mjini ninayemuuliza mambo yanayonizidi. Alisema aache mkaa leo hii, ameze kidonge chake peke yake kwa maji, asiongeze cha pili kufidia, na akienda kliniki amweleze daktari kila kitu.

Nikamwambia Mwanaheri. Akanitazama kwa huruma, akaziba mdomo kwa mkono.

"Wewe ni mtani wetu," alisema. "Nitajuaje kama hapa hutanii? Kaka akisema niache, nitaacha."

Nilivuka njia mbio. Nilimkuta Mansuri anapanga vikopo, nikamwambia mkaa wako unakula dawa ya dada yako. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Alisema alijua tu Mzigua ataona wivu, Mluguru akigundua kitu. Nikamwambia sitanii. Akaniambia na yeye hatanii, aliona nimetumwa na wenye viwanda vya dawa. Nikakasirika nikapaza sauti, na kadiri nilivyopaza sauti ndivyo alivyofurahi, maana hajawahi kuniona nikifanya utani kwa juhudi namna ile.

Jioni nilirudi na vyombo. Nilikuwa na glasi ya maji, nikadondosha matone mawili ya ile dawa ya zambarau tunayowapaka watoto wenye vidonda mdomoni, maji yakawa ya zambarau. Nikachukua unga wake mwenyewe wa mkambala, vijiko vitano, nikakoroga, nikangoja, nikachuja kwa bandeji niliyoikunja mara kadhaa. Maji yakatoka meupe, na rangi haipo. Nilimwambia aone kwa macho yake, hivyo ndivyo kidonge kinavyopotea. Mansuri alipiga makofi. Akaita watu. Akawaambia njooni muone, Mzigua amekuwa mwanamazingaombwe, na akanitaka nirudie kwa kutumia chai. Watu walikuja, wakacheka, mmoja akaniletea soda. Nilisimama pale na bandeji yangu nyeusi mkononi na machozi yakinilenga, na hata hayo machozi walidhani ni sehemu ya mchezo.

Niliporudi nyumbani sikula. Nilijiona mtu mbaya. Miaka kumi na minne nilikuwa nimetumia maneno yangu yote kwa upuuzi, na sasa nimepata moja la kweli na halina pa kutua. Mwanaheri kesho asubuhi atameza kijiko cha kumi na mbili. Nilijiuliza ni kitu gani sijawahi kumwambia Mansuri tangu tujuane, hata kwa bahati mbaya. Jibu likanijia wakati mke wangu anaondoa sahani.

Asubuhi nilioga mapema, nikavaa kanzu na kofia ingawa ilikuwa Jumanne. Duka sikulifungua. Nilivuka njia taratibu, mikono nimeikusanya mbele, nikasimama hatua mbili kutoka kwake, nikainama.

"Shikamoo, kaka Mansuri."

Alikuwa ameshika kipande cha mkaa, anataka kukigonga kwa ukucha. Kilimponyoka. Hakuitikia marahaba. Rangi ilimtoka usoni, nami sikujua kuwa Mluguru anaweza kupauka kiasi kile.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hajafa mtu. Nakuomba unisikilize kabla hajafa."

Alikaa kwenye gunia. Nilimweleza yote kuanzia mwanzo, na kwamba kosa lilianzia mdomoni mwangu. Nilimwambia kweli mkaa ni kaboni, na kweli wataalamu wanafungia dawa kwenye kaboni, lakini ile yao hutengenezwa maabara kwa hesabu, dawa hufungwa juu yake kwa namna inayojulikana itakavyofunguka. Mkaa wa tanuri umejaa vishimo, unakamata kila kinachopita, na hakuna aliyeufundisha kuachia. Tena hata hao wataalamu wengi wao walikuwa bado wanajaribu kwa panya. Hiyo nayo ilikuwa gazetini, mwisho kabisa wa ukurasa, na mimi sikumsomea kwa sababu nilikuwa nimeshapata utani wangu.

Aliinuka akaleta glasi ya maji mwenyewe, akaniomba ile dawa ya zambarau. Nikaenda kuileta. Tulirudia, safari hii bila watu. Yeye ndiye aliyekoroga, yeye ndiye aliyechuja, akayainua yale maji meupe akayaangalia dhidi ya jua kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza siku ngapi. Nikamwambia kumi na moja. Akazihesabu kwa vidole, na vidole vya mikono miwili vikaisha kabla siku hazijaisha. Hapo ndipo alipolia, mzee yule, na mimi nikalia naye, wateja wa mkaa wakaona bora waende genge la mbele.

Alikwenda nyuma ya nyumba, nami nyuma yake. Mwanaheri alikuwa anachambua mchicha, kijiko na kikopo cha asali nyeusi viko kando yake vinamngoja kaka. Mansuri alipiga magoti. Kaka mkubwa wa ukoo kumpigia magoti dada yake mdogo ni jambo ambalo sijaliona tena tangu siku ile. Alimwambia amemharibia dawa kwa ujinga wake, kwamba hakutaka ila kidonge kile kipate mtu wa kukisindikiza. Mwanaheri alimtazama, akanitazama na mimi katika kanzu yangu ya Jumanne, akaelewa kwamba leo hakuna anayetania. Alimshika kaka yake kichwani, pale kwenye kipara, akamwambia ainuke ataumia magoti. Kisha akauliza swali moja tu, kama choo chake sasa kitarudi rangi yake au ndiyo basi.

Wiki tatu walizongoja kliniki zilikuwa ndefu. Mansuri hakunitukana hata mara moja, na kila asubuhi nilipofungua duka nilikuwa kama mtu aliyesahau kuvaa viatu. Kule Dar es Salaam daktari alimsikiliza Mwanaheri mpaka mwisho, akampima, akasema siku kumi na moja ndani ya miaka mitano si mwisho wa safari, aendelee na kidonge chake kwa maji safi. Sisemi haya ili mtu mwingine ajaribu. Daktari mwenyewe alimwambia Mansuri kwamba akipata wazo lingine la kisayansi, alilete kwanza hospitali.

Waliporudi, jioni ile ile Mansuri alivuka njia. Ilikuwa mara chache kwake kuvuka, kwa kawaida mimi ndiye niliyevuka. Alisimama mlangoni mwa duka na kunitazama.

"Nimefikiri sana," alisema. "Kumbe mkaa wangu ni Mzigua. Ukishika kitu hauachii."

Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibana wiki tatu. Nikamwambia aende akafungwe kamba, jua linazama. Alicheka, akageuka, kisha akarudi hatua moja. Aliniomba ile salamu nisimpe tena maishani mwake, ilimtoa roho. Nikimwona tena anakosea, alisema, nimtukane polepole, atanielewa.

Ile asali nyeusi iliyobaki, watu wa ua mzima waliitumia kusugulia meno. Walikuwa na meno meupe mwaka ule kuliko nyumba yoyote ya Mwembesongo, na nzi wakawapenda. Na kuhusu wataalamu na kaboni yao, Mansuri hakuwakatia tamaa. Kila nikinunua gazeti alipaza sauti kutoka ng'ambo ya njia akiuliza panya wa Ulaya wanaendeleaje. Nikikuta habari, nilimsomea, na sasa nilisoma mpaka mstari wa mwisho.

Mwanaheri alimaliza miaka yake mitano ya kidonge. Mansuri alimwona akikimaliza, akachinja jogoo. Mwaka uliofuata ni yeye aliyetutoka, presha, kabla ya adhuhuri, amekaa juu ya gunia la mkambala chini ya saa yake mbovu. Ilikuwa imepita saa nne na robo, lakini si kwa mbali.

Msibani mtani ana kazi yake, na mimi niliifanya. Jeneza lilipofika mlangoni nililala kizingitini, nikasema haendi mtu makaburini. Nilitaka kwanza niletewe kamba, kaburi lenyewe liko mteremkoni, nani atamshika asiporomoke hadi kwa wenyewe huko bondeni? Nikawauliza kama wamemwekea gunia la mkaa, maana kule anakokwenda hatakubali kukuta moto uliowashwa na mtu mwingine. Watu walicheka huku wanafuta macho. Shehe aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Nilikuwa na maneno mengine mengi, nilikuwa nimeyapanga tangu jana yake.

Nikainuka kuwapisha. Jeneza lilipita karibu na kifua changu, na yale maneno niliyoyapanga yote yakapotea. Mikono yangu ilijikusanya mbele yenyewe, nikainama.

"Shikamoo, kaka Mansuri," nikasema.

Kicheko kilikatika. Mwanaheri alikuwa amesimama na wanawake ndani ya mlango, kanga imemfunika kichwa, uso umevimba kwa kulia. Kisha akajibu kwa niaba ya kaka yake, kwa maneno yale yale ya gengeni, ambayo Mansuri alikuwa amemsimulia mara nyingi.

"Nani amekufa?"

Na mimi, mwenye ulimi usio na breki, nikalifuata jeneza.